Wa Tatu Kwenye Foleni

Katika mitaa yetu ya Buyenzi, mjini Bujumbura, miaka ya vita, hapakuwa na kibao chenye uso. Ungeweza kutembea kutoka gereji ya kwanza mpaka msikiti wa mwisho, ukawapita vinyozi, mafundi cherehani, wauza nyama na wauza chai, na kila mtu aliyechorwa juu ya mlango angekupa mgongo. Kwa kinyozi ulionyeshwa visogo vitano vya mitindo mitano. Kwa fundi cherehani kulikuwa na gauni jekundu lililogeuka, zipu na yote. Kwenye mgahawa watu watatu waliinamia sinia moja na kutukinga tusione wanachokula. Hata mbuzi wa bucha alikuwa ametugeuzia nyuma, na mkia wake ulichorwa kwa uangalifu ambao mbuzi wa kweli hajawahi kupewa na mtu.

Vyote hivyo vilitoka kwenye mkono mmoja. Buyenzi ilijaa mafundi, wa injini, wa bodi, wa betri, wa viti, na wote waliitwa kwa majina yao. Ukisema Fundi tu, bila kuongeza kitu, basi unamsema mwandika vibao. Sitamtaja jina. Kwanza, yeye mwenyewe hakuwahi kulitia kwenye kazi yake hata kwa herufi ndogo pembeni. Pili, kwa upande wa jina lake mimi nina kosa langu, na nitalieleza nikifika hapo.

Kwa nini migongo tu? Nilimuuliza mara nyingi, na kwa jumla nikasikia majibu manne. Mara ya kwanza ilikuwa Ijumaa, ametoka kuswali, akanijibu kidini: siku ya Kiama mchoraji ataambiwa aitie roho picha yake, na yeye hakuwa na roho za akiba. Mara ya pili ilikuwa Jumanne, akaniambia kwamba pua ni ngumu. Jibu la tatu sikupewa mimi, alipewa mwenye studio ya picha, jirani yetu, aliyekuja akiwa amefura kwa hasira. Alikuwa ameagiza kibao cha studio, na Fundi akamchorea mteja maridadi, suti ya buluu, amekaa kwenye kiti mbele ya kamera, mgongo kwetu.

"Fundi, batu banakuya kwangu kupigwa sura!" alisema mpiga picha, kwa Kiswahili chetu cha Buyenzi. "We umenichorea kisogo!"

"Anaingia," alisema Fundi, bila kuacha kuchanganya rangi.

"Anaingia wapi?"

"Kwako. Kibao ni mulango. Mutu wa mu kibao anaingia. Ukimuchora sura, basi anatoka. We unataka bateja banaotoka?"

Mpiga picha alikiinua kibao, akakigeuza huku na huku akitafuta kasoro ya hoja hiyo. "Iko siku, Fundi," alisema mwishowe, akaondoka na kibao chake kwapani. Jibu la nne lilikuja baadaye sana, na ndilo lililobadilisha maisha yangu, kwa hiyo lisubiri.

La ajabu ni kwamba mtu huyo huyo, aliyeogopa kuchora pua, alipenda kupigwa picha kuliko bibi harusi. Kila Idi alikwenda studio ile ile, akavaa kanzu iliyopigwa pasi mpaka inasimama yenyewe, akapigwa picha mbili: moja anacheka, moja ana heshima zake. Nilipomuuliza kuhusu Kiama, alisema kamera ni kazi ya mpiga picha, na kila mtu atajibu yake. Aliniambia hivyo kwa sauti ya mtu aliyeshalimaliza jambo hilo na wakubwa.

Koti lake la kazi nalo lilikuwa na pande mbili. Lilikuwa koti jeupe la aina ya wauguzi, na mbele lilikuwa safi kabisa, kwa sababu Fundi aliamini kwamba mteja akikuona na madoa kifuani atadhani huijui kazi. Lakini vidole vyenye rangi lazima vifutwe mahali. Alivifuta nyuma, kiunoni, bila kufikiri, siku nzima, miaka yote. Kwa hiyo mbele alikuwa daktari na nyuma alikuwa soko la vitambaa. Yeye hakulijua hilo. Alilivua koti gizani, mke wake akalifua na kulitundika, na asubuhi akalivaa akiwa amelala nusu. Kuhusu mgongo wake mwenyewe, mtaalamu wa migongo alikuwa hajui chochote.

Halafu mgongo huo ulikuwa umepinda. Milango ya maduka ya Buyenzi ni mifupi, na mtu akiandika "PNEUS, HUILE, BATTERIES", yaani matairi, oili na betri, kwenye milango mifupi kwa miaka thelathini, bega la kulia linashuka, la kushoto linapanda, na kichwa kinakwenda mbele kutafuta herufi inayofuata. Alisimama hivyo hata asipokuwa na brashi mkononi. Lakini ukimuuliza, alikuwa wima kama mlingoti, na sisi vijana ndio tuliopinda kwa uvivu.

Mimi nilimjua tangu utotoni kwa sababu duka la baba la vipuri lilitazamana na gereji alikoweka makopo yake. Aliniita "binti ya vipuri," hata nilipokuwa mtu mzima. Siku moja, saa tisa mchana, baba alinituma nipeleke mkanda wa feni pale gereji, na nilipokuwa nasubiri risasi zikaanza kulia upande wa milimani, kisha karibu zaidi. Hatukuulizana. Mekanisia wanne, Fundi na mimi tuliingia chini ya pikapu moja. Mmoja alikuwa anasoma Ayatul Kursiyu kwa haraka, mwingine alikuwa analalamika kwamba amelalia spana. Fundi, kichwa chake karibu na ekzosi, alinyamaza, akitazama ng'ambo ya barabara. Mara akasema kwa uchungu:

"Angalieni kibao yangu!"

Tulidhani kimepigwa risasi.

"Haisomeki," alisema. "Kutoka huku chini haisomeki kabisa. Miaka sita iko pale, na hakuna mutu aliyeniambia."

Tangu siku hiyo hakuna kibao kilichotoka kwenye mkono wake bila kujaribiwa kutoka chini ya gari. Kilitundikwa ukutani, Fundi akatandika gunia, akalala chali chini ya gari lolote lililokuwepo, akageuza kichwa, akatazama. Wateja walilalamika kwamba wanunuzi wao hawatembei wamelala. Aliwajibu kwamba Bujumbura ya siku hizi hujui mtu atasoma akiwa wapi. "Mutu mwenye woga hasomi kama mutu wa ofisi," alisema. "Umuandikie mwenye woga. Wa ofisi atasoma tu." Chuoni nilifundishwa miaka mitatu kuhusu usomekaji, kwa vitabu vya Kifaransa vyenye michoro na mishale. Sikuwahi kukuta humo sentensi iliyonifaa zaidi ya hiyo.

Ukali wake ulihusu herufi na nafasi tu. Kwa rangi alikuwa hana msimamo, maana vita havikumpa nafasi ya kuwa nao. Nchi jirani zilipofunga mipaka na bidhaa zikakauka, alichora kwa chochote kilichobaki baada ya magari kupuliziwa rangi. Msimu mmoja kulikuwa na teksi nyingi za kijani, na mtaa mzima ukawa wa kijani: kinyozi wa kijani, chai ya kijani, nyama ya kijani. Mwenye bucha alikuja karibu analia. Fundi alimwambia awe na subira, karibu kutakuwa na ajali ya gari jekundu.

Kitu kingine alichokuwa nacho ni barua za kukataliwa. Wakati ule mashirika na viwanda vilitangaza mara kwa mara mashindano ya afishi, mabango ya karatasi ya kubandikwa ukutani: afishi ya amani, ya chandarua, ya sabuni, ya kunawa mikono. Fundi alishiriki yote. Aliyaita konkuri, na akishika karatasi ya masharti alikunja uso kama anasoma wosia. Kisha akachora migongo. Afishi ya amani ilikuwa watu wawili wanatembea bega kwa bega kwenda zao. Afishi ya chandarua ilikuwa kisogo ndani ya neti. Kila mara barua ilirudi ikisema, kwa Kifaransa cha adabu, kwamba wahusika hawaonyeshi hisia. Alizihifadhi barua hizo kwenye bati la biskuti na aliwaonyesha wageni. "Hii imetoka Kigobe," alisema, akiutaja mtaa wa wakubwa kule juu na kuigonga barua kwa kidole. "Mukubwa mwenyewe ameweka saini. We ulishakataliwa na mukubwa?"

Mimi nilikuwa bado. Lakini nilikuwa njiani.

Nilikuwa nasoma uchoraji wa matangazo katika chuo kidogo cha sanaa mjini, madarasa manne na mashine moja ya kunakili iliyofungwa kwa kufuli. Mwaka wa tatu walimu walitutangazia kwamba mazoezi ya darasani yamekwisha. Kila wawili washiriki mashindano ya kweli, yenye masharti ya kweli na majaji wasiotujua, na asiyepata nafasi yoyote mpaka mwisho wa mwaka hapati diploma. Baba naye alitoa tangazo lake. Alikuwa amelipa miaka mitatu, na vita havikuwa vimefanya vipuri kuwa rahisi. "Ukipata karatasi, nitainyamazia hii kazi yako ya rangi," alisema. "Ukikosa, mwezi wa saba unakaa kaunta, mpaka uolewe au mpaka nife." Kaunta ile niliijua. Niliuona ukuta wake wa mikanda ya feni na plagi, na nilijua kwamba nikikaa pale siku moja nitakaa miaka ishirini.

Mwenzangu aliitwa Gaspari, mpole, mrefu, mkali wa mpangilio na rangi. Alitoka mtaa ambao sisi hatukukanyaga tena, na yeye hakuweza kunialika kwao. Buyenzi ilikuwa mahali ambapo bado watu wa kila upande walipita kwa miguu na kurudi, kwa hiyo alikuja yeye. Tulifanya kazi kwenye kona ya gereji, juu ya mlango wa gari uliolazwa kwenye matairi mawili. Fundi alimwita "Musiyo" kwa sababu alivaa tai.

Mashindano yetu ya kwanza yalikuwa ya kiwanda kimoja cha sabuni. Tulichora mama anayecheka akiwa na povu mpaka viwikoni. Fundi akalala chini ya gari, akatazama, akasema meno ni mengi mno, mtu atadhani ni dawa ya mswaki. Hatukumsikiliza. Hatukushika nafasi yoyote, na mmoja wa majaji aliuliza dawa hiyo ya mswaki inauzwa wapi.

Ya pili yalikuwa ya chanjo. Mara hii tulichukua tahadhari, tukachora kwa heshima: muuguzi, mama, mtoto, sindano. Shangazi yake Gaspari alikuwa kielelezo cha mama, na jirani yangu kielelezo cha muuguzi. Ilikuwa kazi nzuri, nasema mwenyewe. Siku ya matokeo, mwalimu wetu aliyehudhuria kikao alitueleza kilichotokea. Jaji mmoja aliitazama pua ya mama, akatazama pua ya muuguzi, maana miaka ile watu walidai kumjua mtu ni wa upande gani wa vita kwa pua yake, akasema kwamba hapa upande mmoja unauchoma upande mwingine sindano. Jaji wa pili alisema ndiyo, lakini ni kinyume chake. Waligombana nusu saa, kila mmoja akipima pua kwa rula ya macho yake, na afishi ikawekwa chini ya meza.

Nilirudi gereji nikiwa nimevimba macho. Zilibaki wiki saba na shindano moja. Gaspari alikaa kwenye tairi, tai imelegea, kwa sababu yule mama alikuwa shangazi yake, na pua iliyopimwa ilikuwa ya ukoo wake. Fundi alisikiliza habari yote huku anasafisha brashi kwa petroli. Alifuta vidole nyuma ya koti. Kisha akasema, taratibu, jibu la nne:

"Mugongo haina upande."

Alichukua brashi nyingine.

"Banipige, banikatae, mi najua kile nachora. Miaka hii yote mutaa huu, kibao gani yangu ilipasuliwa? Hakuna. Batu banapita, banaangalia, banatafuta ni nani, banakosa. Banaona mutu tu."

Nilikuwa nimemcheka kwa miaka kumi.

Shindano la mwisho lilikuwa la maji. Kipindupindu kilikuwa kimeingia mitaa ya chini, Buterere na kwingineko ambako mvua hukaa ndani ya nyumba, na shirika moja la misaada lilitaka afishi moja kwa mji mzima: chota maji kwenye bomba, usichote kwenye mtaro. Masharti yalisema maneno yasizidi matano na kila mtaa uikubali. Gaspari alisoma karatasi mara mbili, akasimama.

"Fundi," alisema, "batu bakiwa ku robine ya maji, banakaa mu mulongo. Na mu mulongo, kila mutu unamuona nyuma."

Fundi aliweka brashi chini. "Musiyo," alisema, "vua hiyo tai, inakubana akili ikitaka kutoka." Alikuwa amefurahi mno.

Tuligawana kazi. Gaspari alipanga foleni, ndefu, inayopanda kutoka chini kulia mpaka kwenye bomba juu kushoto, na akachagua rangi tatu tu. Fundi alichukua maneno, akayaandika mara kumi na moja, na mara zote alilala chini ya gari. Mimi nilipewa migongo. Alinikataza kuibuni. "Kaa nyuma ya batu," alisema. "Uone. Kila mutu anabeba uchovu wake pahali pake." Wiki nzima nilikaa nyuma ya foleni ya bomba letu na daftari. Ndipo nilipogundua kwamba nimekuwa nikitazama watu bila kuwaona. Mama mjamzito anasimama kwa visigino. Msichana aliyeachiwa bido, yaani dumu la maji, kubwa kuliko yeye anasimama kama hana bido, kwa kiburi. Mgongo unasema kila kitu isipokuwa kile majaji walichokuwa wanatafuta.

Jambo moja lilitukwaza. Fomu ilitaka majina ya washiriki, na washiriki ni wanafunzi tu. Gaspari alitaka tuandike barua kuomba jina la tatu. Tuliandika. Tulijibiwa kwamba afishi yenye jina la mtu wa nje itaondolewa, na mwalimu akatukumbusha tarehe. Nilimpelekea Fundi jibu hilo nikiwa natazama viatu vyangu.

"Andikeni yenu," alisema. "Mi konkuri nimeshashiriki nyingi, nimetosheka."

Aligeuka kuendelea na mlango wa duka aliokuwa akiuandika. Aliinama kwenye herufi zake, bega moja chini, bega moja juu, na kiuno chote kimejaa kijani, nyekundu na njano. Mimi nilikuwa na daftari mkononi. Ndilo kosa langu: niliandika jina langu kwenye fomu, na yeye nilimwiba.

Nilimweka wa tatu kwenye foleni, na bido mkononi. Alitoka sawasawa, koti, madoa, bega na yote. Gaspari alimtambua mara moja, akafunika mdomo kwa mkono. Kisha tukaitundika afishi ukutani na Fundi akaingia chini ya pikapu kwa jaribio la mwisho. Alikaa huko muda mrefu. Miguu yake tu ndiyo iliyoonekana.

"Maneno ni muzuri," ilisema sauti. "Rangi ni muzuri. Mama wa kwanza, muzuri sana. Wa pili pia." Miguu ikajikunja. "Wa tatu amepinda."

Gaspari alinitazama.

"Amepinda vipi, Fundi?" niliuliza.

"Amepinda! Bega moja iko Kigobe, ingine iko Buterere. Hakuna mutu anasimama vile. Na koti yake ni chafu, mutu gani huyo anaenda ku robine na koti chafu? Musimamishe. Majaji batasema hamujui kuchora."

Alitoka chini ya gari, akajifuta vumbi, akasimama mbele ya afishi akiwa amepinda vile vile, akinyoosha kidole kwenye mgongo wake. Mekanisia wote waliingiza vichwa kwenye injini zilizokuwa karibu. Na Gaspari, msaliti, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba pengine Fundi ana haki, majaji wanaweza kweli kusema hivyo, na tumebakiwa na nafasi moja. Nilijua. Niliuona ukuta wa mikanda ya feni. Nilikuwa na penseli sikioni na kifutio mfukoni, na kazi ya kumnyoosha yule mtu ilikuwa ya dakika kumi.

"Apana, Fundi," nilisema. "Huyu nabaki naye."

Ilikuwa mara ya kwanza kumkatalia. Alinitazama, akafuta vidole nyuma, akasema, "Basi utajibu mwenyewe," kama alivyosema kuhusu mpiga picha na Kiama.

Tulishinda. Nafasi ya kwanza. Majaji wale wale waliopima pua waliikagua foleni nzima kutoka mwisho mpaka mwanzo, mwalimu alisema, wakatafuta cha kugombania, wakakosa. Na walipoulizwa kilichowavuta, mwenyekiti alisema ni yule wa tatu, kwa sababu anaonekana amesubiri kweli. Nilipata diploma. Baba aliinyamazia kazi yangu kama alivyoahidi, yaani aliisema kwa wateja wote, kila siku, bila kituo.

Afishi ikabandikwa mji mzima. Kwenye mitaa ambako makaratasi yalipasuliwa kabla gundi haijakauka, hii ilikaa mpaka mvua ikaila. Na Buyenzi nzima ilimjua wa tatu siku ya kwanza. Hakuna aliyemwambia. Sijui nani alitoa amri, nadhani hakuna. Mtaa ambao haukuweza kuficha posa wala talaka ulificha hilo kwa miaka. Mimi nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Ni mtu mwenye Kiama chake na majibu yake, nami nilikuwa nimemchora bila ruhusa, nikamtawanya ukutani. Angesema nimfute, ningemfuta vipi mji mzima?

Kwa hiyo mambo yakaenda hivi. Fundi akija bombani na bido, wanawake walisogea na kumwonyesha pengo: "Fundi, pahali yako ni ya tatu." Alidhani ni heshima ya umri na akawaombea dua. Watoto walimfuata nyuma wakicheka. Na kila alipokutana na mimi, kabla ya salamu kuisha, alinikumbusha: "Binti ya vipuri, afishi yako ni muzuri, lakini yule wa tatu. Ungemusimamisha."

Kisha nilipata kazi nje ya nchi, Gaspari akafungua karakana yake, na nilikaa miaka mingi bila kurudi zaidi ya siku mbili tatu. Niliporudi kukaa, bunduki zilikuwa zimenyamaza karibu kila mahali, na Buyenzi ilikuwa imejaa vibao vya plastiki vilivyochapwa, vyenye sura za watu wenye meno mengi, wote wanatoka. Shirika lile la maji lilitaka kuchapa afishi yetu upya. Wasimamizi walikuwa wengine, na mara hii hakuna aliyeuliza nani ni mwanafunzi. Nilikwenda kumtafuta Fundi ili nimwombe ruhusa ya kuliweka jina lake.

Nilimkuta kwenye kiti mbele ya gereji ile ile. Macho yalikuwa yamefifia, mikono ikitetema kidogo, haandiki tena. Lakini alikuwa amevaa koti. Tulisalimiana kwa urefu, akamuulizia baba, akamuulizia Musiyo kama bado ana tai. Nikamweleza habari ya afishi na ya jina lake; la jina alilipuuza.

"Na yule wa tatu?" aliuliza. "Bado amepinda?"

"Bado, Fundi."

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa picha, akanipa. Ilikuwa picha ya Idi, ya studio, kanzu iliyopigwa pasi. Mgongo kwetu. Bega moja juu, bega moja chini.

"Ule mushenzi wa studio," alisema Fundi. "Nimekaa, nimeweka sura ya heshima, nasubiri. Yeye amepita nyuma, amenipiga kisogo! Eti miaka yote alikuwa anangojea siku hiyo. Bakanipa picha, nikasema, huyu mutu namujua. Nimemuona wapi?" Akanyoosha kidole upande wa bomba. "Nikaenda mpaka ku robine. Afishi ya zamani iko nusu pale, kwa ukuta. Nikasimama pale mi peke yangu."

Nilimwomba anisamehe. Nilimwambia kwamba jina lake lilikatazwa na sikuona njia nyingine ya kumweka, na kwamba niliogopa kumwambia kwa sababu angesema nimfute.

"Ningesema hivyo," alikubali. "Ningesema saa ile ile." Akaichukua picha yake, akairudisha mfukoni. "Batu bengi banakunywa maji safi nyuma yangu, binti. Na mi naenda huku na huku nasema, mutu gani huyu amepinda!"

Alicheka mpaka akakohoa, na mimi nikacheka huku nalia, na mekanisia mmoja akatoa kichwa kwenye injini kuona kuna nini. Kisha Fundi alishika mkono wa kiti, akainuka polepole. Akanigeuzia mgongo. Akaweka kiganja kwenye mlango wa gereji, akavuta pumzi, akapandisha bega lile la chini, akarudisha kichwa nyuma. Ilimchukua muda, na ilimuuma, nililiona hilo mgongoni.

"Sasa musimamishe," alisema. "Niko wima?"

"Uko wima, Fundi."

"Basi chora haraka, mi siwezi kukaa hivi muda murefu."

Nilitoa daftari. Nikamuuliza kuhusu koti, kama anataka sasa nilisafishe, niliache jeupe.

"Apana, koti uache vile," alisema, akiwa bado ameukaza mgongo, akitazama mlango. "Bila koti batanijuaje?"

Nikaanza na koti.